Vipimo vya moyo safi, lakini pantoni siwezi kupanda

Shikamoo Mama,

Mimi ni mama wa watoto wawili, nina miaka 34, naishi Kigamboni na kazi yangu iko mjini, Posta. Miaka yote nimekuwa nikivuka kwa pantoni asubuhi, nashuka Magogoni, natembea kwa miguu hadi ofisini. Sikuwahi kuliona kuwa jambo.

Mwaka jana baba yetu alifariki. Aliamka vizuri, akanywa chai, akasema kifua kinambana, na hospitali hakufika. Baada ya arobaini nikarudi kazini kama kawaida. Asubuhi moja wakati wa masika, pantoni limejaa, nimesimama kati ya bodaboda na akina mama wenye ndoo tupu wanaokwenda kuchukua samaki Feri, ghafla moyo ukaanza kwenda mbio. Jasho likanitoka, vidole vikafa ganzi, pumzi ikawa haitoshi. Nikajua ndiyo hivyo tena, kama baba. Nilimshika mama mmoja mkono nikamwambia nakufa. Tulipofika ng'ambo wakanitoa nje, wakanikalisha na kunipepea. Haikupita nusu saa nikawa mzima, nimebaki na kutetemeka na aibu.

Hospitali nilibandikwa nyaya kifuani, nikapigwa ekoo, nikapimwa presha, sukari na malaria. Vyote safi. Daktari akaniambia, "Mama, huna ugonjwa, punguza mawazo." Wiki iliyofuata ikanirudia nikiwa kwenye foleni ya benki. Kisha kwenye shughuli ya harusi. Kisha usiku, nimelala, nikaamka nimekaa kitandani natafuta hewa.

Pantoni sipandi tena. Nazungukia darajani, natoka nyumbani giza bado, na nikichelewa nachukua bodaboda, kwa hiyo mshahara unaishia barabarani. Kariakoo siendi. Foleni ndefu sisimami. Popote ninapoingia natafuta kiti cha karibu na mlango. Mkoba wangu haukosi chupa ya maji, limao lililokatwa, dawa ya kuchua ya kunusa, na vidonge vidogo nilivyopewa na muuzaji wa duka la dawa la mtaani, vimeandikwa diazepamu. Alisema nimeze nusu nikizidiwa. Tangu Ramadhani nameza kizima kila usiku, nisipomeza silali.

Mama mkwe anasema nimeonwa. Nimesomewa, nimekunywa kombe, nikapata nafuu siku mbili tatu. Mume wangu ni mtu mzuri, anapoweza ananipeleka kwa pikipiki yake kupitia darajani, lakini akichoka anasema najiendekeza.

Juzi nikasoma kwenye simu kwamba magonjwa ya wasiwasi yako aina nyingi. Nilisoma orodha nzima nikajikuta mote. Nikamkuta na mama yangu mzazi, ambaye mvua ikinyesha tu anapiga simu kuuliza kama tumesombwa na maji, na mdogo wangu wa kike, anayerudi nyumbani mara tatu kuangalia kama amefunga gesi. Sasa naogopa huu ni ugonjwa wa ukoo.

Mama, mimi nina aina ipi? Ni moyo au ni akili? Na nitapanda pantoni tena?

Mama Wawili, Kigamboni


JIBU

Marahaba mwanangu, na pole sana kwa msiba wa baba.

Nimekuwa muuguzi wa kliniki za magonjwa ya akili mpaka nilipostaafu, na maelezo kama yako nimeyasikia mara nyingi, aghalabu kutoka kwa mtu aliyeshika bahasha ya vipimo vya moyo. Wengine walikuwa wameshazunguka hospitali mbili tatu, wametibiwa taifodi ambayo hawakuwa nayo na vidonda vya tumbo ambavyo havikuonekana, ndipo mtu fulani akawaelekeza kwetu. "Punguza mawazo," unaambiwa, kana kwamba mawazo ni chumvi. Daktari wako hakukosea kuhusu moyo. Alichokosea ni kukuacha uondoke bila jina la kile ulichonacho.

Orodha za kwenye simu zina kasoro moja kubwa: zinaanzia kwenye dalili. Mwili wa binadamu hauna namna kumi za kuogopa. Moyo kwenda mbio, jasho, pumzi kubana, tumbo kuvuruga, misuli kukaza, hivyo utavikuta karibu katika kila aina, ndiyo maana umejikuta mote. Mganga mzuri, awe daktari au mwanasaikolojia, hukuuliza mambo mawili: unaogopa nini hasa kitatokea, na umeacha kufanya nini kwa sababu hiyo.

Turudi kwenye pantoni lako, lile la saa moja asubuhi. Chukulia humo ndani wamo abiria wanne ambao mioyo yao inadunda vilevile.

Wa kwanza anaogopa pantoni kuzama. Akishashuka Magogoni yamekwisha, kutwa nzima ni mzima wa afya, na ukimpa kazi isiyomlazimu kuvuka maji hutajua kama ana tatizo. Hiyo ni fobia, hofu ya kitu kimoja kinachojulikana: maji, lifti, mbwa, sindano, radi. Ndiyo aina inayopatikana kwa watu wengi zaidi, na wengi hawaji hospitali kwa sababu wanaweza kukikwepa kitu chao.

Wa pili alitolewa majini MV Bukoba ilipozama Mei 1996, au alimpoteza mtu MV Nyerere ilipopinduka karibu na Ukara Septemba 2018. Huyu hawazi tu kwamba pantoni litazama. Anaiona tena siku ile, anasikia kelele zilezile, usiku anaota. Zamani watu kama hawa waliwekwa kwenye fungu moja na wagonjwa wa wasiwasi. Kitabu cha Wamarekani cha kuainisha magonjwa ya akili kiliwatoa mwaka 2013 wakapewa fungu lao, la magonjwa yatokanayo na tukio la kutisha, kwa sababu dawa yao inaanzia kwenye tukio lenyewe.

Wa tatu maji hayamsumbui hata kidogo, anachoogopa ni macho ya watu. Kubanana kule, watu uso kwa uso, na labda kuna mtu wa ofisini atakayemsalimia na sauti itetemeke. Huyu ndiye kwenye harusi hali chakula mbele ya watu, kwenye kikao anajua jibu lakini hasemi, na kazi yenye cheo anaikataa kwa kisingizio cha watoto. Hofu ya kutazamwa na kuhukumiwa huanza mapema, mara nyingi ujanani, na kwetu inafichika sana kwa sababu tunaisifu. Binti mwenye nayo anaitwa mpole, mwenye haya.

Wa nne anauogopa mwili wake mwenyewe. Pantoni lingekuwa tupu na bahari shwari, bado angeogopa, kwa sababu anachosubiri ni moyo kubadilika mapigo, halafu asiwe na mahali pa kutokea mpaka pantoni lifunge ng'ambo.

Sasa nikikusoma vizuri, ulimwambia yule mama "nakufa". Hukusema "tunazama", wala hukusema "wananitazama". Aibu ulikuja kuiona baadaye, umeshakaa chini unapepewa. Kisha hali hiyohiyo ikakukuta benki, harusini na kitandani, mahali ambako hakuna maji. Kwa hiyo naelekea kusema wewe ni abiria wa nne: una ugonjwa wa mashambulizi ya hofu, na juu yake umeanza kupata hofu ya mahali pagumu kutoka. Nasema naelekea, kwa sababu mimi nimesoma barua, sijakuona. Lakini hata siku ya kuonana na daktari ningeanzia hapo.

Shambulio lenyewe linakuwaje? Huja ghafla, hupanda mpaka kileleni ndani ya dakika 10 hivi, kisha hushuka, na mara nyingi ndani ya nusu saa limekwisha. Wewe umelieleza barabara. Kwa kawaida huanza na kitu kidogo mwilini: umetembea haraka, hukula, umekunywa kahawa chungu, joto. Moyo unaongeza mapigo kidogo, jambo ambalo siku nyingine usingeligundua. Lakini baba ameondoka kwa kifua, kwa hiyo sasa unausikiliza moyo. Wazo la "nakufa" linapita, mwili unamwaga adrenalini, homoni ya kujihami, moyo unakwenda mbio zaidi, na mbio hizo zinakuwa ushahidi kwamba kweli unakufa. Unaanza kuhema. Ukihema kupita kiasi unaitoa hewa ya kabonidayoksaidi mwilini kuliko inavyotakiwa, na hapo ndipo ganzi ya vidole, kizunguzungu na kuhisi hewa haitoshi vinapotoka. Hewa ilikuwa nyingi, mwanangu. Na wakati wa shambulio presha huwa inapanda, kwa hiyo kuzimia ni nadra. Wanaozimia kweli ni wale wenye hofu ya damu na sindano, maana presha yao hupanda kidogo kisha huporomoka.

Jambo hili si geni. Mwaka 1871 daktari Mmarekani, Jacob Da Costa wa Philadelphia, aliandika kuhusu askari wa vita ya wenyewe kwa wenyewe waliolalamikia mapigo ya moyo, maumivu ya kifua na kukosa pumzi, na alipowapima wengi wao moyo haukuwa na ugonjwa wa kuonekana. Zaidi ya miaka mia moja baadaye, mwaka 1980, ndipo kitabu cha uainishaji nilichokitaja kilipoyatenga mashambulizi ya hofu kuwa ugonjwa unaojitegemea. Ukiuliza ni moyo au ni akili, nakujibu kwamba moyo ulidunda kweli na hukujitungia chochote. Mapigo ni ya kweli, tafsiri uliyoyapa ndiyo yenye makosa, na tafsiri inatibika.

Shambulio moja halimfanyi mtu mgonjwa. Watu wengi hupata moja au mawili maishani wakaendelea na shughuli zao. Linakuwa ugonjwa pale yanapojirudia, na kwa mwezi mmoja au zaidi mtu anaishi akisubiri lijalo, au anabadilisha maisha kulikwepa. Darajani, Kariakoo, foleni, kiti cha karibu na mlango: hayo yananipa wasiwasi kuliko shambulio lenyewe. Kila ukizunguka darajani unafika salama, na ubongo wako unaandika kwamba umefika salama kwa sababu hukupanda pantoni. Ukiendelea hivyo, kesho daraja nalo litakuwa refu. Nimeona mwanamke aliyeanza kwa kukwepa soko akamaliza kwa kutotoka getini.

Kabla ya yote, vipimo viwili ambavyo sijaviona kwenye barua yako. Omba upimwe wingi wa damu na tezi ya thairoidi, ile iliyo shingoni. Upungufu wa damu, hasa kwa mwanamke anayetokwa na damu nyingi mwezini, na tezi inayofanya kazi kupita kiasi, vyote huukimbiza moyo na kuleta kutetemeka. Mweleze daktari kama unatumia dawa ya pumu ya kuvuta, kahawa nyingi au vinywaji vya kuongeza nguvu (na anayekula mirungi naye aseme, maana wapo wanaoficha). Na uijue tofauti: kifua kinachobana ukipanda ngazi na kuachia ukipumzika, maumivu yanayokwenda mkononi au taya, au kupoteza fahamu kabisa, hayo usiyahesabu kuwa hofu, nenda hospitali mara moja.

Sasa diazepamu, na hapa nisikilize. Dawa ile huuzwa kwa cheti cha daktari, na aliyekupa juu ya kaunta hakukutendea haki. Inatuliza haraka, ndiyo maana inapendwa, lakini ukiimeza kila siku kwa wiki kadhaa mwili unaizoea na kuidai. Kutolala usipoimeza sehemu yake inaweza kuwa mwili unaidai tu. Hata hivyo usiiache leo kwa hasira baada ya kunisoma. Kuiacha ghafla baada ya kuizoea kunaweza kuleta hofu kali kuliko ya mwanzo, na kwa wengine hata degedege. Hupunguzwa kidogo kidogo, kwa ratiba ya daktari. Mpaka umwone, usiongeze kidonge, usichanganye na dawa nyingine za usingizi, na pikipiki usiendeshe.

Tiba iliyothibitika zaidi kwa hali yako ni ya mazungumzo, ile inayogusa fikra na matendo pamoja. Haihusu kulala kwenye kochi na kusimulia utoto. Ni kazi, na ina mazoezi ya nyumbani. Mtaalamu atakufundisha kwanza kuuzoea mwili wako: kukimbia papo hapo dakika moja, kuzunguka mpaka kizunguzungu kije, kupumua kwa mrija wa soda. Unazileta dalili kwa makusudi, sebuleni kwako, na unaona zinakuja na kuondoka. Kwa kuwa moyo wako umeshapimwa na uko salama, daktari ataruhusu hayo bila shida.

Kisha pantoni. Hupandi lile la saa moja siku ya kwanza. Unaanza jioni moja kwa kwenda mpaka getini upande wa Kigamboni na kusimama pale, ukiangalia watu wanaingia na pantoni linaondoka, na lingine, na lingine. Moyo utadunda, uache udunde. Ukiondoka wakati hofu iko juu utakuwa umeipa ushindi, kwa hiyo subiri. Ukilizoea geti, Jumapili asubuhi watu wakiwa wachache, panda na mumeo. Safari nyingine yeye akae upande mwingine. Kisha peke yako Jumapili, kisha siku ya kazi adhuhuri, na la saa moja liwe la mwisho. Kila hatua irudie mpaka ikuchoshe. Kabla ya kupanda, andika kwenye karatasi unachoamini kitatokea, "nitaanguka, moyo utasimama", na ukishuka andika kilichotokea. Usitegemee kumbukumbu, kwa sababu mtu mwenye hofu hukumbuka dakika mbaya tu.

Mkoba nao una kazi yake. Limao, dawa ya kunusa na chupa ya maji havina sumu, lakini kila ukifika salama navyo, vinapata sifa ambayo ni yako. Toa kimoja kimoja. Anza na limao. Kidonge cha akiba kwenye mkoba mwambie daktari mkitoe pamoja kwenye mpango wa kupunguza.

Shambulio likija ukiwa safarini, usipigane nalo wala usilikimbie. Punguza pumzi: vuta polepole kwa pua, itoe taratibu kwa muda mrefu zaidi kuliko ulivyoivuta. Jiambie hili ni lile lile, linapanda na litashuka. Kama unapenda kuleta uradi, leta.

Kuhusu kisomo na kombe sina ugomvi. Dua inatuliza, na watu kukuzunguka ni nusu ya uuguzi. Ninachokikataa ni yule atakayekuambia uache matibabu, au akutoze mbuzi kwa ajili ya jini.

Dawa za hospitali zipo pia, na zinafaa hasa mahali ambako wataalamu wa mazungumzo ni wachache, yaani karibu kila mahali petu. Zinazoanza kutumika mara nyingi ni za kundi la fluoksetini na sertralini. Haziwi uraibu kama diazepamu, lakini zinataka subira. Nafuu huonekana baada ya wiki mbili hadi sita, na siku za mwanzo zinaweza kuongeza wasiwasi, ndiyo maana daktari makini huanza na dozi ndogo. Wengi huacha wiki ya kwanza wakidhani zimewadhuru. Ukianzishiwa, uliza mapema nini utegemee wiki ya kwanza na lini urudi. Ukipona hutaacha mara moja. Utaendelea kwa miezi kadhaa, kisha utapunguziwa.

Kwako wewe, kliniki ya afya ya akili ya hospitali ya rufaa ya mkoa, Temeke, ndiyo ya karibu, na Muhimbili wana idara kamili. Ukifika usiseme "nina mawazo", utarudishwa na ushauri uleule. Sema hivi: "Napata mashambulizi ya ghafla ya hofu, yanafika kileleni ndani ya dakika 10. Nimeacha kupanda pantoni na kwenda sokoni kwa sababu hiyo. Majibu ya vipimo vya moyo ni haya. Nameza diazepamu moja kila usiku tangu Ramadhani." Kama nafsi imeanza pia kukata tamaa, usingizi na hamu ya chakula vimekwisha kabisa, au yanakujia mawazo kwamba heri ungekufa, liseme hilo la kwanza kabla ya pantoni. Sonona hupenda kuja nyuma ya wasiwasi, na wewe una msiba ambao sidhani umeulia vya kutosha. Arobaini ilipita ukarudi kazini.

Baba watoto, kama unasoma: hajiendekezi. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2019 watu milioni 301 duniani walikuwa na magonjwa ya wasiwasi, na wanaopata tiba yoyote ni kama mmoja kati ya wanne. Pikipiki yako imemsaidia, ila sasa inamsaidia kukwepa. Mpeleke Feri badala ya darajani, na ukae naye pale getini bila kumharakisha.

Umeuliza habari za ukoo. Mama yako anayepiga simu mvua ikinyesha, nadhani mvua si kitu chake pekee. Mchunguze: leo mvua, kesho ada za wajukuu, keshokutwa nauli imepanda, mtu hajapokea simu basi amegongwa. Wasiwasi unaorukaruka hivyo juu ya mambo ya kawaida, siku nyingi kuliko zisizo nao, kwa miezi sita na zaidi, na mtu hawezi kuuzuia, huo ni ugonjwa wa wasiwasi wa jumla. Hauji na kishindo kama wako. Huja na mabega yaliyokaza, kichwa, mgongo, usingizi wa mang'amung'amu na kuchoka bila kazi, na mzee wa namna hiyo hutibiwa mgongo miaka na miaka. Naye anatibika, akikubali kwamba si tabia ya uzazi tu.

Mdogo wako ana kitu kingine. Kurudi mara tatu kuangalia gesi, akijua kabisa kwamba ameifunga, ni dalili ya ugonjwa wa mawazo yanayojilazimisha na matendo ya kurudiarudia. Huo nao ulitolewa kwenye fungu la wasiwasi mwaka 2013, ingawa ni jirani yake wa karibu. Dawa yake inafanana na ya pantoni, kwamba atoke nyumbani mara moja na avumilie kutorudi, lakini aanze na mtaalamu. Nanyi nyumbani acheni kumjibu kila anapopiga simu kuuliza "gesi nimefunga?"

Magonjwa haya hufuata damu kwa kiasi. Mtu mwenye mzazi au ndugu mgonjwa yuko hatarini zaidi kuliko asiyekuwa naye, na wanawake hupata zaidi ya wanaume. Lakini kinachorithiwa ni wepesi wa kuogopa, na aina itakayotokea hutegemea pia yaliyompata mtu, kama ilivyokuwa kwako na kifua cha baba. Kwa wanao wawili, usiwapime kila siku kwa macho. Angalia tu kama kuna mmoja anayelia na kuumwa tumbo kila asubuhi kwa kuogopa kuachana nawe, au anayezungumza vizuri nyumbani na shuleni hatoi neno mwezi baada ya mwezi. Hizo ni aina za utotoni na huwahiwa mapema, anzeni na mwalimu wake. Na wakikuuliza kwa nini siku hizi mama hapandi pantoni, waambie ukweli, kwamba unaliogopa na unajifunza kulipanda tena.